Simu Inayozurura

Kanuni ya Adhabu ya Tanzania inamjua mzururaji: mtu anayerandaranda mitaani bila shughuli inayoeleweka. Kuhusu simu haisemi kitu. Na wilaya ya Kyerwa, mkoani Kagera, ndiyo inayohitaji kifungu cha simu kuliko wilaya zote, kwa sababu huko watu wametulia na migomba yao na kahawa yao, ila simu zao kila kukicha ziko nje ya nchi.

Lawama ni za ramani. Magharibi, ng'ambo ya Mto Kagera, ni Rwanda. Kaskazini ukivuka pale Murongo unatokea Kikagati, Uganda. Ukishuka mteremko wa kuelekea mtoni, mnara wetu ukabaki nyuma ya kilima, simu haikusubiri: inashika mnara wa jirani. Wenyeji husema "inasoma Rwanda", tena wanasema kwa upole, kama wanaomzungumzia mtoto aliyepelekwa bweni.

Mimi nilikuwa kwa shangazi, nimeketi jikoni juu ya kigoda na sahani ya ndizi na maharage, ujumbe ukaingia kunikaribisha Rwanda. Ukanitakia matembezi mema na kunitajia bei. Sijajinyanyua hata kwenda kunawa! Tonge halijashuka, dada yangu akapiga kutoka Dar es Salaam kuuliza kama nimefika salama. Tukasalimiana. Shangazi naye akaomba simu, akaanza kuwaulizia wajukuu mmoja mmoja, kwa majina ya ubatizo na ya ukoo, nani ameota jino, nani bado anakohoa. Hakuwamaliza. Salio lilikatika, na aliyepiga si sisi. Nilikuwa nalipia kupokea.

Shangazi akaigeuza simu, akaitazama mgongoni, akanirudishia. "Sasa mwanangu, huko mjini mnaishije na vocha ya kusalimia nusu?"

Waingereza wanaiita hali hiyo "roaming", kutoka kitenzi "roam", yaani kurandaranda. Jioni ile nilikitafakari sana kitenzi hicho, maana sikuwa na salio la kufanya jambo jingine. Kimo katika maandishi ya Kiingereza tangu karibu mwaka 1300, na chimbuko lake linabishaniwa hadi leo. Hadithi tamu kuliko zote inadai kilitokana na Roma: watu waliaga nyumbani kwamba wanakwenda kuhiji, wakaishia kuzunguka njiani wakila vya wenyeji wao. Kweli Wahispania wanalo neno "romero" la kumwita hujaji wa Roma, na Shakespeare, katika sehemu ya kwanza ya tamthilia ya Henry VI, alicheza na matamshi ya "Rome" na "roam". Lakini wataalamu wa kamusi wameitupa hadithi hiyo. Ukiondoa mizaha, wanasema, ushahidi hakuna. Nimesikitika. Ningefarijika kujua kwamba salio langu lilikwenda kuhiji.

Kwa karne nyingi kitenzi hicho kilikuwa cha watu wasio na haraka na wanyama wasiofugwa. Kingewafaa wanyama wa Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe, mapori ya akiba yaliyopandishwa kuwa hifadhi za taifa mwaka 2019, wasiojua mpaka uko wapi na hawaulizwi. Kingemfaa pia John Hanning Speke, aliyefika Karagwe mwaka 1861 na mwenzake James Grant, wakakirimiwa na Mfalme Rumanyika. Januari 1862 Speke akaendelea Buganda kutafuta chanzo cha Nile, Grant akabaki Karagwe na kidonda mguuni. Enzi hizo mambo yalikuwa wazi: mwenye mguu mzima alizurura, mwenye kidonda alikaa.

Simu ndiyo iliyovuruga. Mwaka 1992 kampuni ya Finland na ya Uingereza zilitiliana saini mkataba wa kwanza wa kuifanya simu ya mteja wa nchi moja itumie mtandao wa nchi nyingine. Huku kwetu, mwaka 2006, kampuni ya simu ya Celtel iliunganisha Tanzania, Kenya na Uganda ili mteja wake akivuka mpaka apige kwa bei ya nyumbani na asilipie kupokea. Nia njema kabisa. Ila wote hao walimfikiria msafiri. Aliyeketi kigodani kwa shangazi yake hakuwemo kwenye hesabu.

Na salio si kitu ukilinganisha na saa. Rwanda iko nyuma yetu kwa saa moja, na simu janja ikishasoma Rwanda hujirekebisha yenyewe bila kuaga. Nilitega alamu ya saa kumi alfajiri niwahi basi. Usiku, mimi nimelala, simu ikavuka mto. Iliponiamsha kwa utiifu saa kumi kamili, ilikuwa saa kumi ya Kigali; majogoo wa Kyerwa walishawika wakachoka, na basi lilishapita. Nikaruka juu ya bodaboda, tukalifukuza kwenye vumbi jekundu hadi Nkwenda. Kondakta akanifungulia mlango, akanitazama kuanzia nywele hadi viatu, vyote rangi moja.

"Tulikupigia," akasema. "Tukaambiwa hupatikani. Ulikuwa wapi?"

Nikamwambia nilikuwa nimelala. Simu ndiyo iliyokuwa Rwanda. Abiria wa siti ya mbele akatikisa kichwa kwa huruma. Naye ni wa mkoa huohuo.

Shangazi mwenyewe hapati taabu hizi. Kitochi chake kinaning'inia kwenye msumari wa dirisha la mashariki, ndani ya mfuko wa nailoni uliokuwa wa sukari, na uzi umefungwa urefu unaokishikilia pale hasa mnara wetu unapofika. Anayetaka kuongea humfuata huko: unapiga goti moja kitandani, unaegemeza shavu ukutani, unapaza sauti, nyumba nzima inapata habari. Kukigusa msumari ni kosa kubwa kuliko kuvunja chungu.

Waliopata faida kwa tofauti hiyo ya saa ni wajumbe wa kamati ya harusi. Kikao kinaitishwa saa nane mchana, anayechelewa analipa faini. Mjomba wangu alitokea saa tisa kasoro, mtulivu, akainua simu kila mtu aone: saa nane kasoro. Amewahi! Wakabishana, wakamsamehe. Kikao kilichofuata, wachelewaji wote walipitia njia ya mtoni, ingawa ni ndefu zaidi, wakaonekana wamesimama mteremkoni, mikono juu, wanangoja simu zisome Rwanda kabla ya kupanda mlima.

Mwenyekiti hakubishana nao tena. Alifungua daftari, akaandika azimio, akalisoma kwa sauti: mwenye saa ya Rwanda anaruhusiwa, lakini mchango wake tutaupokea kwa faranga.