Kloro na Kolera

Dotori, hotuba tumeisikia. Umetoka Maputo, zaidi ya kilomita 2,000, ukatufikia huku pwani ya Palma na projekta, jenereta na Kireno kilichopigwa pasi. Sisi tulio chini ya mwembe tunasema Kimwani, Kimakonde na Kiswahili. Kireno cha wengi wetu ni cha kuitikia "sim".

Saa nzima ulitaja maneno mawili: kloro, ya kutia majini, na kolera, ya kuua. Masikioni mwetu hayo ni watoto wa baba mmoja. Bibi wa mbele akakaza kanga, akauliza: "Mwanangu, kumbe mnaileta wenyewe kwenye chupa?" Ukacheka, ukageukia picha ya 14.

Aprili 2024, jirani zetu wa Nampula walijazana kwenye mashua ya uvuvi wakikimbia uvumi wa kolera. Zaidi ya 90 walikufa maji karibu na Kisiwa cha Msumbiji. Picha hiyo hukuwa nayo.

Siku nyingine njoo na ndoo, kijiko na mkalimani, umjibu bibi kwanza. Jenereta lakini tuachie: friji ya chanjo imegeuka kabati.