Muulize Mjomba: Mama Mkwe na Jua la Saa Sita Usiku

Mjomba shikamoo. Mimi na mke wangu tunaishi Helsinki. Julai tunakodi gari lile lenye vitanda, jiko na choo humo humo, twende Nordkapp, wiki tatu. Sasa mama mkwe naye anataka kuja. Nifanyeje? – Mkwe Mwema

Marahaba, mpwa wangu. Hapo umebisha mlango wenyewe. Kaskazini naijua mimi: nimefika Moyale, tena kwa Fuso, tena bila breki ya mkono.

Tuanze na saa. Sisi huzihesabu tangu jua lichomoze, sivyo? Basi Nordkapp jua halizami toka katikati ya Mei hadi mwisho wa Julai. Saa moja ya asubuhi haitafika! Nilitaka kukwambia ubebe jogoo, nikamwonea huruma, atawika mpaka koo limkauke. Beba mapazia mazito uzibe madirisha. Kama jogoo umeshamnunua, mzibe naye.

Njia ni kama kilomita 1,500: Rovaniemi, Inari, kisha mnavuka mpaka kuingia Norwei. Kisiwa cha Magerøya, iliko Nordkapp, mtakiingia kwa handaki la karibu kilomita 7 linalozama mita 212 chini ya usawa wa bahari. Mteremko mkali. Tia gia ndogo, usilalie breki. Hilo nilijifunza mlima Kitonga mwaka 1988, nyuma nina tani saba za vitunguu, mbele yangu basi la abiria limejaa hadi mlangoni. Sitasimulia yote, maana sipendi kujisifu. Vitunguu vilifika Dar, basi lilifika Dar, na kuna kijana Mbagala leo anaitwa jina langu. Abiria mwingine alinifungulia kesi, lakini binadamu hawana shukrani.

Humo mahandakini mnaweza kukuta wanyama wanaofugwa na Wasami, wenyeji wa huko; ni jamii ya kulungu, pembe kama mkwaju uliopukutika. Kiangazi huingia kukimbia joto na wadudu. Honi hawaijali. Shuka uwaimbie taarabu. Ng'ombe wa Dodoma hunipisha kwenye ubeti wa pili. Ukiwa huna sauti kama yangu, punguza mwendo ungoje.

Wadudu nao! Mbu wa Lapland, huko kaskazini mtakakopita, mwezi Julai hawana malaria, wana njaa tu. Chukua neti. Mimi hutumia kivumbasi, na mbu hunikwepa, ingawa mke wangu anasema ni soksi.

Mkifika, mtapiga picha kwenye genge la mita 307 na kujiona mko mwisho wa dunia. Mmedanganywa. Rasi ya jirani, Knivskjellodden, imechomoza kaskazini zaidi, ila haifikiki kwa gari: kilomita 18 kwa miguu, kwenda na kurudi. Mimi ningekwenda na kandambili.

Mhariri ananiambia nafasi imekwisha na sijamjibu mtu. Mama mkwe, ee. Choo kiko hatua moja toka kitandani, naye atasikia kila kitu. Nunua hema. Norwei inaruhusu kulala porini hadi siku mbili mahali pamoja, mradi uwe mita 150 toka nyumba ya mtu. Gari lenu sheria hailiiti nyumba, lakini wewe pima tu hizo mita 150.

Hema ni lako, mpwa. Yeye atalala garini na bintiye.