Jinsi ya Kuupiga Chenga Uzee

Sogea nikunong'oneze. Miaka 60 imetimia, umekabidhi funguo za ofisi, na sasa kila ukifika harusini unatengewa kiti kivulini. Kikubali. Ila usikizoee, maana njia za mkato zipo.

1. Umri wako usiutangaze. Bi Kidude wa Zanzibar alifariki Aprili 2013, na watu wakawa bado wanabishania mwaka aliozaliwa. Wao wakihesabu, yeye alipiga ngoma ya unyago na kuimba taarab. Mwaka 2005 akapewa tuzo ya WOMEX. Anayekuuliza una miaka mingapi, muulize habari za nyumbani kwao.

2. Anza jambo usilolijua kabisa. Hapa ndipo penye siri yenyewe. Ukishikilia fani uliyoimudu ujanani, kila mtu atakupima kwa ulivyokuwa, na utaonekana umepungua. Ukianza upya, huna wa kulinganishwa naye. Ukisoma neno moja, umeshinda jana. Sifa tunazipenda sote, basi zifuate zinakopatikana kwa urahisi.

Kimani Maruge alilijua hilo. Kenya ilipoondoa ada za shule za msingi mwaka 2003, alisubiri kidogo tu. Mwaka 2004, akiwa na miaka 84, akavaa kaptula na soksi ndefu, akaingia darasa la kwanza Eldoret. Alitaka aisome Biblia mwenyewe, na ahesabu fedha zake asipunjwe. Mwaka uliofuata alikuwa New York, akiitetea elimu ya bure mbele ya viongozi wa dunia. Naye Priscilla Sitienei, mkunga wa huko huko Bonde la Ufa, alikaa dawati moja na watoto ambao baadhi yao aliwapokea yeye mwenyewe walipozaliwa. Alitaka ujuzi wake wa ukunga na mitishamba uandikwe usije ukazikwa naye. Huyo nampenda zaidi, kwa sababu alikwenda kujifunza ili apate kufundisha.

3. Shule ni mbali? Iba masomo nyumbani. Mjukuu akifungua daftari, mwambie, "Hebu nielekeze, mwalimu wangu." Atavimba kichwa, na wewe utasoma bila ada. Akikusahihisha, usimkumbushe nani alimbeba mgongoni.

4. Kiungo kikigoma, badili chombo. Grandma Moses wa Marekani alikuwa akitarizi. Vidole vilipouma hata sindano ikamshinda, akashika brashi ya rangi, umri wake ukiwa umepita miaka 70. Alichora hadi karibu na kifo chake mwaka 1961, akiwa na miaka 101. Magoti hayakubali ngoma? Imba umekaa. Macho hayaoni maandishi? Simulia, kijana arekodi kwa simu.

5. Jifunge kwa ahadi ya hadharani. Nenda barazani penye kahawa, useme kwa sauti kwamba kabla ya Idi utakuwa umetunga utenzi wa mtaa wenu: nani alichimba kisima, nani aliuza shamba, nani alimtorosha nani. Kuanzia hapo huhitaji bidii. Kuogopa aibu kutakuamsha alfajiri. Kila Ijumaa peleka beti tatu. Mtafute yule mwenye ulimi mkali kuliko wote, umwombe akague vina.