Buti la Kauboi Hukaguliwa Kuanzia Soli

Ukiingia duka la mabuti huko Texas, vitu viwili vitagombania macho yako: nakshi za uzi zilizopanda mpaka ugokoni, na ngozi ya nyoka inayometameta. Vipe kisogo kwanza. Farasi hajui umelipa dola ngapi. Chukua buti, ligeuze soli itazame juu, na muuzaji akikukodolea macho mwache akodoe. Anayechagua kwa kutazama shingo ya buti peke yake anunue na kabati la kioo, maana huko ndiko litakakoishi.

Anza na kisigino. Mpanda farasi hukanyaga kikuku kwa sehemu pana ya wayo, na kisigino ndicho kinachozuia mguu usipenye ukatokea upande wa pili. Kisigino cha kupandia huwa na urefu wa inchi moja na nusu hadi mbili. Wanaoshindana kukamata ndama kwa kamba, ambao huruka chini na kukimbia, hupenda kifupi cha kama inchi moja, na ukipanda asubuhi kisha ukashinda kwa miguu zizini, hicho ndicho chako. Buti bapa lisilo na kisigino usilipeleke karibu na tandiko. Mguu ukipenya na farasi akashtuka, utaburutwa.

Soli nayo iwe ya ngozi laini. Wapo wanaoilaumu kwamba inateleza. Na iteleze! Siku ukianguka, unataka mguu uchomoke kikukuni upesi, wakati soli ya mpira yenye meno marefu itang'ang'ania. Shingo pana isiyo na kamba ina kazi hiyohiyo: kikuku kikinasa buti, mguu utoke, buti libaki likining'inia. Aliyebuni kiatu hiki alikuwa anaiwaza siku ya kuanguka.

Sasa uimara, na hapa usione haya kuchelewesha foleni. Pitisha ukucha pale soli inapokutana na ngozi ya juu. Ukigusa uzi wa kweli, uliofunga ukanda mwembamba wa ngozi kuzunguka ukingo, umepata buti linaloweza kubadilishwa soli tena na tena. Ukikuta gundi tupu, au mishono ya uongo iliyofinyangwa kwenye mpira ili ikuzuge, lirudishe rafuni bila kusema asante. Kisha bonyeza uvungu wa wayo. Ndani yake pawe na kipande cha chuma, kwa sababu kusimama juu ya kikuku kutwa nzima huumiza mguu usioegemezwa. Mafundi wa jadi hushikiza sehemu hiyo kwa vijiti vya mti badala ya misumari, kwa kuwa mti huvimba na kunywea pamoja na ngozi. Halafu tazama ngozi yenyewe. Fundi H. J. Justin alipoanza kutengeneza mabuti Spanish Fort, Texas, mwaka 1879, wateja wake walikuwa wachungaji waliokuwa wakiswaga ng'ombe kwenda Kansas. Mtu wa safari ile hakuhitaji kubembelezwa kwa magamba ya nyoka. Ngozi ya nyoka ni nyembamba, na magamba yake huinuka. Ngozi nene ya ng'ombe inatosha kabisa.

Zile nakshi? Zina heshima yake. Safu za mishono huikaza shingo ya buti isijikunje na kuanguka kifundoni. Zikague mwishoni.

Unapojaribu, vaa soksi zilezile za kupandia. Buti halina kamba, kwa hiyo kinachokushika ni mgongo wa mguu: hapo libane vizuri bila kuuma. Vidole vicheze. Kisigino chako kikipanda kidogo unapotembea usitishike. Soli ikishalainika kitatulia.

Likishakuwa lako, kila jioni lifute kwa kitambaa chenye unyevu, kwani jasho la farasi na mkojo wa zizini hula uzi kabla ya kula ngozi. Lisikaushwe motoni, lijaze magazeti, liweke kivulini, kisha ulipake mafuta ya ngozi. Na soli ikianza kulika, mpelekee fundi buti hilo, ukanda ule wa ukingoni ukiwa bado mzima, kwa sababu hapo ndipo atakaposhonea soli mpya.