Barabara Inayopita kwa Fisi

Kikao cha kijiji kilikuwa kimekata shauri: barabara ya kutoka mbuyuni hadi mtoni iwe nyoofu kama uzi, na mkandarasi alipwe kwa hatua. Zabuni akaipata Fisi.

"Kwa bahati tu," Fisi akamwambia Simba, "bucha langu liko papo hapo kwenye mstari. Barabara itapita mlangoni kwangu, nifanyeje?"

Mzee Kobe akaomba vipimo visomwe. Karani Tumbili akasoma: mbuyuni hadi buchani, hatua 50, buchani hadi mtoni, hatua 40, mbuyuni hadi mtoni, hatua 70.

"Mheshimiwa," akasema Kobe, "vitatu hivi vikiwa kwenye mstari mmoja, na bucha likiwa katikati, kutoka mbuyuni hadi mtoni ni hatua 90. Mto ukiwa ndio wa katikati, ni hatua 10. Hakuna jibu la tatu. Hiyo 70 ni ya pembetatu, na kona yake ni bucha."

"Hizo ni hesabu za ndani ya gamba!" Fisi akacheka.

"Basi tumwulize asiyesoma."

Majani yakawekwa mtoni, Punda akafunguliwa mbuyuni. Akanyoosha moja kwa moja. Bucha akaliacha mbali kushoto, hata nzi wake hakuwasikia.

Punda ni shahidi wa zamani katika kesi hii. Wafuasi wa Epicurus waliidhihaki hoja ya 20 katika kitabu cha kwanza cha Euclid, isemayo kwamba pande mbili za pembetatu kwa pamoja huuzidi wa tatu. Hilo, walisema, hata punda mwenye njaa analijua. Proclus, aliyetuhifadhia kisa hicho, aliwajibu kwamba kuona jambo ni kweli si sawa na kujua kwa nini ni kweli. Nami nadhani alimsingizia punda. Kijijini mwetu waliokosa sababu walikuwa wengine.

Simba, ambaye jina lake lilifungua daftari la madeni la bucha, akakohoa. Ushahidi wa Punda ukafutwa kwa kuwa alikula kielelezo. Kisha ikapigwa kura. Fisi wote wakanyoosha mikono, na swala waliokaa karibu nao wakanyoosha upesi zaidi.

Muhtasari wa kikao ukaandikwa kwamba 50 na 40 ni 70. Kwenye hati ya malipo, Fisi akajaza 90.