Gita Limebaki Finishingi Tu

Hakuna mji Tanzania unaoijua finishingi kama Dodoma. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ulipitishwa mwaka 1973, na Serikali ikaanza kuhama kwa vitendo mwaka 2016. Kwa hiyo wewe ambaye gita lako la umeme la kujitengenezea linaning'inia ukutani bila nyuzi tangu Pasaka, usione haya mbele ya mgeni. Mwambie limebaki finishingi tu. Ataelewa haraka, maana naye ana nyumba Nala haijapigwa dari.

Nachukulia kwamba mwili wa mninga umeshachongwa, shingo imeshaunganishwa, na jirani ameshaulizia bei ya kitanda. Nachukulia pia kwamba hukumsikiliza yule aliyekushauri utumie mbuyu eti ndio mti wa kwetu. Mbuyu ukiupasua ni sifongo lililolowa. Skrubu haina pa kushika. Sasa umebakiwa na vile vidude vinavyong'aa, na hapo ndipo pesa ya ada ya mtoto inapoingia hatarini.

Anza na kile kitakachoonekana na mtu aliyekaa benchi la mwisho kanisani. Vile vya kuzungushia sauti viwe vya rangi ya dhahabu. Mkanda wa begani uwe wa ngozi, wenye jina lako. Funguo za kukazia nyuzi, zile sita za kichwani zinazoamua kama gita litakaa kwenye sauti yake au litashuka kabla ubeti wa pili haujaisha, nunua za bei ya chini kuliko zote. Nani atazikagua? Zikilegea katikati ya pambio, geuka uitazame spika kwa hasira. Waumini wote watajua mkosaji ni nani.

Vifaa vyenyewe utavitafuta Majengo. "Vya gita sina, bosi," muuzaji atakuambia, "ila nina bawaba za mlango, za dirisha na za kabati." Usiondoke. Mji unaojengwa usiku na mchana una kila kitu, ila kimetengenezwa kwa kazi nyingine. Briji, ile inayoshikilia nyuzi mwilini mwa gita, utaipata kwa mafundi wa madirisha ya alminiamu: omba kipande cha pembe walichokitupa, kipige msasa, kitoboe matundu sita. Kuhusu mahali pa kuifunga, wapo watakaokuambia kwamba urefu kutoka mwanzo wa shingo hadi kijiti cha chuma cha 12, yaani freti ya 12, lazima ulingane na urefu kutoka freti ya 12 hadi briji. Kwamba gita la milimita 648 linadai 324 huku na 324 kule, na milimita mbili tatu za ziada kwa nyuzi nene. Watu hawa hawakosei, ndiyo maana hawaalikwi harusini. Wewe pima kwa jicho. Usipopatia, utapata gita linalokubaliana na kinanda kwenye noti nne na kugombana nacho kwenye zilizobaki.

Skrubu za gipsam zimejaa kila duka, na mninga unazipenda sana: unazikata kichwa na kubaki na kiwiliwili. Mwoga hutoboa kwanza kwa keekee na kupaka sabuni kwenye nyuzi za skrubu. Shujaa hukaza.

Akitokea wa kukucheka kwa sababu ya vifaa hivyo vya ujenzi, mtajie Brian May wa kundi la Queen. Mwaka 1963, akiwa bado kijana wa shule, yeye na baba yake Harold walianza kuchonga gita nyumbani Uingereza, na likawachukua miaka kama miwili. Shingo ilitoka kwenye mbao ya meko la zamani. Springi za kuyumbisha sauti zilikuwa za valvu za pikipiki ya Panther ya mwaka 1928. Mkono wa kuyumbishia ulikuwa chuma cha kushikilia mkoba wa baiskeli, na alama za kwenye shingo zilikuwa vifungo vya lulu kutoka kwenye kasha la ushonaji la mama yake. Mwaka 2002 alisimama nalo juu ya paa la Buckingham Palace akapiga wimbo wa taifa. Dodoma hatuna Panther, ila springi za valvu za bodaboda ziko kila gereji, na kifungo cha shati la mjomba kitapatikana akienda kuoga.

Kipande kile cha mwanzo wa shingo, kinachopitisha nyuzi, ndicho kifaa pekee ambacho Mgogo hahitaji kuagiza popote. Kinachotakiwa ni mfupa wa ng'ombe. Nenda Jumamosi mnadani Msalato na marafiki, kuleni vizuri, na gharama yote uiandike kwenye daftari la gita kama utafiti. Lakini mfupa uliopita kwenye moto wa nyama choma uuache hapohapo, utapasuka. Chukua mbichi wa mguu kwa mchinjaji, uchemshe mpaka mafuta yatoke, uuanike siku kadhaa mbali na mbwa, kisha uukate na kuupiga tupa. Nasema bila utani, kwa kazi hii mfupa unaishinda plastiki ya dukani, na utasikia tofauti kwenye nyuzi zilizo wazi. Tatizo ni kwamba haung'ai, kwa hiyo hutasifiwa.

Pikapu, ile sumaku yenye waya inayonasa mtetemo wa nyuzi, unaweza kuisuka mwenyewe kama una subira na huna watoto wadogo. Waya una unene wa milimita 0.06 hivi, na unahitaji mizunguko inayokaribia 8,000. Ukifika 3,000 utaitwa ukale. Ukifika 7,000 waya utakatika. Ukishamaliza, pikapu itapiga mluzi kila ukisogelea spika, kwa sababu waya umelegea na unatetemeka wenyewe. Dawa yake iko Manyoni, kwa wafuga nyuki: nta. Changanya sehemu moja ya nta na nne za mshumaa, yeyusha ndani ya sufuria iliyokaa kwenye sufuria nyingine yenye maji, joto lisizidi sana nyuzi 65, kisha izamishe pikapu mpaka iache kutoa mapovu. Nta usiibandike moja kwa moja kwenye moto wa mkaa, isipokuwa kama unataka kujenga jiko upya. Gita litanukia asali wiki nzima.

Vanishi paka Agosti, upepo unapokuwa mkali, uwanjani. Likikauka litakuwa na vumbi jekundu lililoganda ndani, na mteja akiuliza mwambie ni rangi maalumu ya makao makuu. Anayetaka uso laini atapaka chumbani, sakafu ikiwa imemwagiwa maji. Na anayetaka freti zisimchane vidole ataacha mbao ya shingo imalize kiangazi kizima ndani ya nyumba kabla ya kuzipigilia, maana hewa kavu ya hapa hupunguza upana wa mbao, na ncha za freti hubaki zimechomoza pembeni.

Nyuzi zikianza kukwaruza freti, bzzz, bzzz, usikimbilie tupa. Mgogo anayetengeneza ilimba, ala ya muziki ya kabila lake, hutoboa tundu kwenye kisanduku chake na kulifunika kwa utando wa mayai ya buibui makusudi, ili kila noti itoke na mvumo wake. Mwanamuziki Hukwe Zawose, mzaliwa wa kijiji cha Doduma aliyefariki mwaka 2003, aliupeleka mvumo huo kwenye majukwaa ya dunia na watu wakalipa kiingilio kuusikia. Lako basi ni gita la kiasili. Kwamba mvumo wa ilimba hupangwa na wako umejileta, hilo libaki kati yako na briji.

Jambo moja tu nalisema nikiwa nimevua kofia ya mzaha. Funga waya kutoka kwenye briji hadi upande wa ardhi wa tundu la jeki, la sivyo gita litanguruma muda wote. Kisha muulize fundi umeme kama ukumbi wenyewe una waya wa ardhi, maana pasipokuwa nao, mpiga gita aliyeshika nyuzi akigusa maiki kwa mdomo anaweza kurushwa.

Baada ya hapo toboa tundu moja la ziada karibu na kizungushio cha sauti. Weka kizungushio kizuri kuliko vyote, cha dhahabu, kisichounganishwa na waya wowote. Hiki ni cha mzee wa kanisa. Atakuja mbele katikati ya mazoezi, atakuambia, "Kijana, punguza hiyo." Mjibu, "Ndiyo, mzee," ukizungushe taratibu kuelekea kushoto huku ukimtazama usoni. Atasikiliza kidogo, kichwa kimeinama. "Sasa hapo," atasema, na kurudi kukaa.