Akina Ng'ang'a Hawajalipwa

Uvumi ulinitangulia. Chama kimoja cha ushirika wa kahawa, huko kwenye miteremko ya Mathira juu ya Karatina, kilikuwa kimeanza kuwalipa wakulima kwa simu. Akina Mwangi walipata. Akina Kamau walipata. Akina Wambui walipata na mbuzi wakanunua. Lakini akina Ng'ang'a, Wang'ombe na Mung'aria walikesha na simu mkononi bila hata mlio. Kufikia Jumatano kijiji kilikuwa na jibu lake: waliolipwa ndio waliompigia mwenyekiti kura. Mwenyekiti akajitetea kwamba shemeji yake mwenyewe ni Ng'ang'a na hajaona senti. Utetezi huo ukamharibia zaidi, kwani watu walisema huo ndio ujanja wa mtu anayejua kuficha.

Niliitwa kwa sababu mimi ni "yule kijana wa kompyuta wa Nyeri mjini", cheo kinachokupa ruhusa ya kutengeneza printa, televisheni na mashine za kuangulia vifaranga. Programu ya malipo ilikuwa imeandikwa kwa Java na kijana aliyehamia Nairobi na kubadilisha laini. Wakati nasubiri kompyuta iwake, nikawasimulia waliokuwa kwenye benchi kwamba Java ilizinduliwa mwaka 1995 na kampuni ya Sun Microsystems, ikapewa jina la kahawa ya kisiwa kimoja cha Indonesia. Nilitarajia wafurahi. Mama mmoja akataka kujua wakulima wa kisiwa hicho wanalipwa shilingi ngapi kwa kilo.

Dirishani, karani alikuwa na kazi moja: kubonyeza. Kila akibonyeza, skrini iliandika, "Hitilafu imetokea. Jaribu tena." Naye, kwa kuwa ni mtu mtiifu, alijaribu tena.

Mzee mmoja, mwenye jina la Ng'ang'a na koti zito la baridi ya Julai, aliegemea dirisha.

"Hitilafu gani?"

"Mzee, imeandikwa hitilafu tu."

"Kahawa yangu ilikuwa AA. Haikuwa na hitilafu. Sasa niambie: kosa ni letu au ni la hao wa pesa? Wamesemaje? Ni nani hasa aliyekataa? Na sababu yenyewe ni gani?"

Karani akanitazama. Mimi nilikuwa namtazama mzee kwa heshima mpya. Programu ile ilizungumza na kampuni ya malipo kwa SOAP 1.1, utaratibu uliochapishwa na W3C Mei 2000. Utaratibu huo unaeleza kwamba ombi likikataliwa, jibu lina nafasi ya mambo manne: faultcode, yaani kosa ni la nani, faultstring, maneno ya kusomwa na binadamu, faultactor, nani njiani aliyekataa, na detail, undani wa sababu. Mzee ambaye hajawahi kushika kipanya alikuwa ameuliza yote manne, tena kwa mpangilio.

Maana yake ni kwamba sababu ilikuwa inafika kila mara, ila hakuna aliyeipokea. Programu ya Java ni mtoto aliyetumwa dukani: akikosa sukari anarudi na neno moja, "Hakuna", na karatasi ya mwenye duka inayoeleza kila kitu inabaki mfukoni mwake mpaka umpekue. Ukitumia HttpURLConnection na seva ikijibu kwa namba 400 kwenda juu, getInputStream inakutupia eksepsheni yenye anwani, na mara nyingi namba, basi. Barua yenyewe iko getErrorStream, mlango wa nyuma ambao wengi hawaubishi. Nayo namba haisaidii sana, kwa sababu SOAP 1.1 juu ya HTTP inataka 500 hata pale aliyekosea ni aliyeomba. Kwa wanaotumia JAX-WS, kama kijana wetu, barua iko ndani ya SOAPFaultException: unaita getFault(), kisha getDetail(), halafu unasoma.

Kijana wetu hakusoma. Alikuwa ameandika catch (Exception e), akaweka ndani mstari mmoja wa kuonyesha ile sentensi, akaenda zake Nairobi. Ile e masikini ilibeba habari zote na haikuulizwa hata jina. Nywila ikikosewa, hitilafu. Transfoma ikilipuka, hitilafu. Ni hasara kubwa, maana watu wa upande wa pili hujitahidi kutofautisha. Kwenye Daraja, mlango wa Safaricom wa kuunganishia programu za malipo, kwa mfano, 1 ni salio halitoshi, 1032 ni mteja ameghairi mwenyewe, na 1037 ni simu haikupatikana. Ukiyafunika yote kwa neno moja, aliyeghairi na asiye na pesa wanapewa pole ileile.

Kabla ya lolote nilimwomba karani atoe kidole kwenye kitufe. "Jaribu tena" ni ushauri mzuri kwa anayewasha jiko la mkaa, lakini kwa pesa ni hatari. Ukipata SOAPFaultException, umejibiwa na umekataliwa; kama kosa ni la aliyeomba, ombi lilelile litakataliwa hata mpaka msimu ujao. Lakini ukipata SocketTimeoutException, hujajibiwa kabisa. Huenda pesa zimekwenda, huenda hazijakwenda, na ukirudia unaweza kumlipa mtu mara mbili. Hapo unauliza kwanza hali ya muamala kwa namba yake ya kumbukumbu.

Nikaongeza mistari michache, tukatuma malipo ya mzee. Safari hii skrini ilisema: jina la mpokeaji, herufi ya 3 hairuhusiwi.

Tukahesabu kwa vidole. N. G. Ritifaa.

Sajili ya wanachama ilikuwa imechapwa kwenye programu ya kuandikia barua, ambayo hupinda ritifaa iwe na mkia. Mfumo wa malipo ulikubali iliyonyooka tu. Mwangi hana ritifaa. Kamau hana. Wambui hana. Siasa yote ya kura ilikuwa imeninginia kwenye kialama kidogo kuliko chawa wa kuku.

"Kwa hivyo nimenyimwa pesa kwa sababu ya koma iliyopaa?" mzee akauliza.

"Ndiyo, mzee. Na imepinda."

"Shuleni tulichapwa tusipoipinda."

Akina Ng'ang'a walilipwa jioni ile, na mwenyekiti akaanza kusalimiwa tena. Nilishauri undani wa makosa uandikwe kwenye faili ya kumbukumbu ya mafundi, na skrini itoe sentensi fupi ya kueleweka, kwani si kila habari ni ya dirishani. Mhazini akapinga mbele ya watu. Alisema wakati wa kuficha umepita, wakulima wanataka uwazi, kila kitu kionekane. Benchi lote likapiga makofi, nikafanya alivyotaka.

Malipo yaliyofuata, skrini ile iliyogeuzwa kuwatazama wakulima iliandika kwa herufi kubwa kwamba salio la akaunti ya chama halitoshi.

Mhazini alinipigia akiwa nyuma ya jengo, kwa sauti ya chini. "Kijana, ile ya 'hitilafu imetokea', kwani ilikuwa na ubaya gani?"

Nilimwambia kuirudisha ni kazi ya dakika tano. Kujaza akaunti, hiyo si kazi ya Java.